Mzee Arudi Kwenye Pikipiki: Nilivyoipata Iliyonifaa

Watu wa baraza letu hapa Likoni waliposikia kwamba natafuta pikipiki, mmoja wao aliniuliza kama nimefilisika hata nataka kuingia katika kazi ya bodaboda. Wenziwe wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwani mtu wa miaka sitini na sita mwenye mvi kichwa kizima hana budi ayazoee maneno ya barazani. Lakini nilipowaeleza kwamba si pikipiki ya abiria niitakayo, bali ile ya kiti cha chini, yenye usukani mpana na tangi la mfano wa tone la maji, ile iitwayo kruza, kicheko kilikatika. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Yakhe, hayo ni mauti ya kununuliwa kwa fedha taslimu."

Nataka nikueleze msomaji jinsi nilivyoitafuta, kwa kuwa najua wako wengi wa rika langu waliowahi kupanda pikipiki ujanani, wakaacha kwa sababu ya watoto, kazi au ajali, na sasa wamestaafu na roho inawataka warudi.

Mimi nilijifunza mwaka 1976 juu ya BSA Bantam kuukuu ya ami yangu. Anayezijua pikipiki za Kiingereza za zamani atakumbuka kwamba gia ilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki za leo. Baadaye nilinunua Honda 90, nikaizunguka nayo Mombasa yote hata mwaka 1989. Mwaka huo nilikuwa nimempakia ahali yangu tukienda harusini Changamwe. Alikuwa ameketi upande, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wetu, na pindo la buibui likaingia katika gurudumu la nyuma. Alianguka chini akavunjika kiwiko cha mkono. Sikuwa mwendo wa kasi, wala hapakuwa na gari mbele. Niliiuza Honda ile baada ya wiki mbili, na kwa miaka yote hiyo neno pikipiki halikutajwa ndani ya nyumba yetu.

Basi nilipomweleza mwaka jana kwamba nimeweka kando shilingi laki nne katika kiinua mgongo changu, hakugomba. Alisema tu, "Utaiendesha peke yako." Nikaona hiyo ni nusu ya ruhusa.

Kruza asili yake ni Marekani, nchi ya barabara ndefu zilizonyooka, ambako mtu huketi chini, miguu mbele, akasafiri siku nzima pasipo kukata kona. Jina lililotangaa ni Harley-Davidson, lakini bei yake si ya mstaafu kama mimi. Wajapani ndio waliotuletea nafuu. Mwaka 1981 Yamaha walitoa Virago 750 yenye injini ya mitungi miwili iliyokaa mfano wa herufi V kama ya Kimarekani, na Honda wakafuata na Shadow mwaka 1983. Mwaka huohuo Serikali ya Marekani iliongeza ushuru mkubwa juu ya pikipiki za nje zenye injini kubwa kupita 700, ili kukiokoa kiwanda cha Harley. Wajapani nao hawakukaa bure: walipunguza injini zao zikawa chini kidogo ya 700. Ndiyo sababu ukitafuta kruza kuukuu za wakati ule hukutana na vipimo vya ajabu kama 699, na usidhani aliyeandika amekosea.

Nilianza kwa kwenda kwa dalali mmoja mjini, aliyekuwa na Honda Shadow 750 chini ya turubai. Alipoifunua, msomaji, moyo wangu ulidunda kama wa kijana. Nikeli yote inang'aa, kiti cha ngozi, taa kubwa kama sinia. Nikaipanda. Miguu yote miwili ikakanyaga chini vizuri, nyayo nzima, nami si mrefu. Nikajiambia, hii ndiyo yangu. Bei ilikuwa juu ya fedha zangu, lakini dalali alisema niwape laki nne kisha nilipe iliyobaki kidogo kidogo pamoja na "nyongeza". Nyongeza hiyo tunaijua jina lake, na sikutaka kuanza safari yangu ya uzeeni kwa riba.

Nilikuwa nimekwenda na fundi, kijana aliyejifunza kazi kwa pikipiki za Kihindi lakini mwenye jicho. Kwanza aliweka kiganja chake juu ya injini kabla haijawashwa. Ilikuwa moto. "Mzee wangu," akaninong'oneza, "wameipasha kabla hujafika. Injini inayowaka kwa shida ikiwa baridi hupashwa mapema ili mnunuzi asijue." Kisha akainama kwenye tairi akanionyesha tarakimu nne zilizochongwa ubavuni: 2309. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Lilikuwa bado na meno yote, jeusi, zuri kwa macho, na mpira wake umekuwa mgumu kama ukwato. Akafungua kifuniko cha tangi akamulika kwa tochi ndani: kutu nyekundu. Pikipiki iliyolala miaka mingi chini ya turubai petroli yake hugeuka gundi ndani ya kabureta, na hewa yetu ya chumvi hula tangi kutoka ndani huku nikeli ya nje ikipanguswa kila siku. Dalali hakuwa ametuambia hata moja katika hayo, naye alijua kama tujuavyo sote kwamba aibu ya bidhaa haifichwi.

Lakini hayo yote yangeweza kutengenezwa. Kilichonikatisha tamaa ni jambo la mwisho. Fundi aliniambia nishuke, nisimame kando ya pikipiki, niirudishe nyuma kwa mkono mpaka penye turubai. Ua ule ulikuwa na mwinuko kidogo tu. Nilisukuma, haikwenda. Nikasukuma tena, goti langu la kulia likalia, pikipiki ikainama upande wangu, na kama si yule kijana kuidaka ningelala chini yake. Shadow ile ina uzito upitao kilo 220.

Hapo ndipo nilipofahamu hila ya kruza. Kiti cha chini humdanganya mzee. Zote, kubwa na ndogo, ukizikalia miguu hufika chini, ukajiona umezimudu. Uzito hauonekani ukiwa umeketi. Huonekana ukishuka, ukitaka kuigeuza katika kichochoro cha Mji wa Kale, ukitaka kuitoa nyuma ya gari lililokubana, au ikikuangukia nawe uko peke yako. Kijana akikosea kuizuia huirudisha kwa nguvu ya paja. Sisi nguvu hiyo imekwenda, wala hatukuaga siku ilipokwenda.

Na kwa mtu wa Likoni mtihani huo hauepukiki, kwa sababu ya feri. Maji yakipwa ngazi ya chuma huwa na mteremko mkali, tena imelowa maji ya bahari na mafuta ya magari. Unateremka katikati ya umati wa watu wanaokimbilia mbele, mikokoteni ya madafu kushoto, tuktuk kulia, na unaweza kusimamishwa popote pale katikati ya mteremko. Hapo hakuna kasi ya kukushikilia wima. Kuna breki, mguu mmoja na uzito. Tokea siku ile, kila pikipiki niliyoonyeshwa niliiuliza swali moja tu moyoni: wewe na mimi, tutasimama kwenye ngazi ya feri maji yakipwa?

Niliiona Suzuki LS650, ile iliyoitwa Savage, yenye mtungi mmoja mkubwa na mkanda wa mpira mahali pa mnyororo. Ni nyepesi ajabu kwa ukubwa wa injini yake, kama kilo 160, na ningeipenda, ila mkanda ulikuwa umechanika meno na hatukupata wa kuubadilisha. Nikaiona na Yamaha Virago 535. Hii msomaji naitaja kwa heshima. Haina mnyororo, ina shafti, na tangi lake kuu limefichwa chini ya kiti, hivyo uzito wa petroli umekaa chini, si juu baina ya magoti. Ikiwa tupu ina kilo 182. Mtu wa miaka hamsini mwenye magoti mazima namshauri aitafute hiyo. Mimi niliisukuma katika ua, ikakubali; nikaisukuma mara ya tatu, nikaketi kitako kupumua. Fundi hakusema neno. Akanunua madafu mawili tukanywa, tukaenda zetu.

Niliyoinunua ni Virago 250, kwa mwalimu mstaafu wa upande wa mjini. Ilianza kuuzwa mwaka 1988 na ikaendelea kuundwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na injini yake imeigwa na viwanda vya China, kwa hiyo vipuri si kitendawili. Kilo 137 ikiwa tupu, na kiti kiko inchi 27 tu kutoka ardhini. Mwalimu yule alitupokea akatukalisha, akaleta kahawa, kisha akatoa karatasi aliyoandika kwa mkono wake aibu zote za pikipiki: sili za fomu za mbele zinavuja mafuta, mnyororo umekwisha, taa ya kiashiria ya kushoto imeunganishwa kwa waya usio wake, na mwaka 2019 iliangukia ubavu wa kulia. Injini ilikuwa baridi tulipofika. Ikawaka mara ya pili. Alikuwa akiipanda kila Jumamosi, na pikipiki inayotembea kila wiki hata ikiwa na mikwaruzo ni bora kuliko bibi harusi wa turubai. Tulilinganisha nambari ya fremu na ile ya hati, na sikumpa fedha yote mpaka uhamisho wa umiliki ulipokamilika katika mtandao wa NTSA. Alinidai laki mbili na sabini elfu. Sikupunguza sana. Karatasi ile ilikuwa imekwisha kunipunguzia.

Iliyobaki nilinunua tairi mbili mpya, mnyororo, sili, na kofia ngumu mpya kabisa. Kofia ngumu usinunue kuukuu hata kama ni rahisi, kwani huwezi kujua imekwisha kugonga nini. Kanzu nayo niliiona haifai: ekzosi ziko chini upande wa kulia na zitaitoboa kabla hujafika msikitini. Ijumaa huvaa suruali na koti, kanzu ikakaa mfukoni nyuma, nikaivaa nikifika.

Kujifunza upya kulikuwa kazi kuliko kununua. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kwa muda wa mwezi mmoja, nilizunguka barabara tupu nyuma ya mtaa, mwendo wa mtu anayetembea, nikikata namba nane. Siku ya nne mbuzi alitokea mbele yangu, na mguu wangu wa kushoto, msomaji, ukakanyaga gia kwa nguvu zote. Ulikuwa unatafuta breki ya Bantam ya ami! Miaka karibu hamsini, na mguu haujasahau. Mbuzi alinusurika kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na akili zaidi. Vilevile sisi wa zamani tulifundishwa kuiogopa breki ya mbele, nayo ndiyo isimamishayo pikipiki kwa sehemu kubwa. Ikabidi niufundishe mkono kubana taratibu, kisha kwa nguvu. Na matuta ya barabarani nilijifunza kuyapanda kwa adabu, kwa sababu kruza springi zake za nyuma ni fupi, na lile tuta usilolipunguzia mwendo hukujibu kiunoni.

Nimekwisha kuvuka feri nayo mara nyingi, maji yakijaa na yakipwa. Mara moja nilisimamishwa katikati ya mteremko, mkokoteni umekwama mbele yangu, honi zinalia nyuma. Nilikanyaga chini miguu yote miwili, nikaibana breki, tukasimama. Watu wa baraza wanaiita "baiskeli yenye moto". Waite.

Mwezi uliopita fundi alinijia na wavu wa chuma alioutoa kwenye Boxer iliyokufa, ule ambao Wahindi huufunga ubavuni mwa gurudumu la nyuma ili sari isiingie. Akaukata, akauchomelea vishikio, akaufunga upande wa kushoto wa Virago. Umbo lake si zuri, umeharibu kabisa sura ya Kimarekani.

Ahali yangu alitoka uani na kikombe cha chai akaukuta. Akainama, akaupitisha mkono wake, ule wa kiwiko kilichovunjika, baina ya wavu na gurudumu, akajaribu kuuvuta. Haukutikisika. Akauliza kwa nini mwaka ule hakukuwa na kitu kama hiki, nami sikuwa na jibu. Kisha akaweka kikombe juu ya kibaraza, akakusanya buibui lake mpaka magotini juu ya suruali, akapanda, akaketi kama waketivyo vijana, mguu huku na mguu huku, mikono juu ya mapaja yake.

Nilikuwa nimekwisha kutia ufunguo.

"Leo usiwashe," akasema.

Nikautoa ufunguo, nikamletea chai yake palepale alipokaa.