Mnakili wa nota naye ni mfanyakazi



Kwaya inaposifiwa, mnakili wa nota hatajwi. Lakini bila yeye hakuna karatasi ya kuimbia.

Leo kazi hiyo yaweza kufanywa kwa LilyPond, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Mnakili huandika nota kwa herufi za kawaida, na programu huzichora kwenye mistari mitano. Ila chombo bila utaratibu ni hasara.

Kwanza: kila sauti, ya kwanza hadi ya nne, iwe na faili yake. Faili kuu iziite kwa amri ya \include. Kosa likisahihishwa mara moja, limesahihishwa katika karatasi zote.

Pili: maneno yakae mbali na nota. Hapa Bujumbura wimbo mmoja waweza kuimbwa kwa Kirundi, Kiswahili au Kifaransa. Nota zisinakiliwe mara tatu.

Tatu: maagizo ya kiongozi, kama pahali pa kupumua, yawe na faili yake. Akija kiongozi mwingine, wimbo utabaki mzima.

Nne: maneno yanayofuata alama ya % hayachapwi. Andika hapo nani kasahihisha, lini, na kwa nini.

Maandishi hayo ni ushahidi wetu malipo yakibishaniwa. Na mnakili akiugua, mwenzake ataendelea pale alipoachia. Kazi isiyosomeka na wenzio hufa pamoja nawe.