Ziwa Lijaalo Mara Moja kwa Mwaka

Mtu aliyezaliwa Tanga na kulelewa na bahari, ambaye tangu utoto amezoea maji kujaa na kupwa mara mbili kutwa na kucha, hata akawa anajua bila ya kuuliza ni saa gani ngalawa zitaelea na saa gani akina mama watashuka mchangani na vikapu kuokota chaza, hana budi kuduwaa anapohamia ukingoni mwa Ziwa Mweru; kwa maana maji ya hapa yametulia palepale asubuhi na jioni, wiki nenda wiki rudi, kana kwamba hayana habari na mwezi. Mimi niliduwaa hivyo miaka minne iliyopita, binti yetu alipoolewa na mtu wa Luapula, huku Zambia, akatuita, mimi na mamaye, tumalizie uzee wetu karibu na wajukuu. Na ilinigharimu mwaka mzima na matuta sita ya mchicha kufahamu kwamba ziwa hili nalo hujaa na kupwa, ila hufanya hivyo mara moja tu kwa mwaka.

Safari yenyewe sina haja ya kuirefusha. Treni ya TAZARA ilitutoa Dar es Salaam ikatufikisha Kasama, na tulipovuka mpaka wa Nakonde tulirudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, jambo ambalo mke wangu alilihesabu kuwa zawadi. Kutoka Kasama tulipanda basi hata Mansa, na kutoka Mansa tukafuata njia ya bonde la Luapula kuelekea kaskazini, tukipita Mwense, Mwansabombwe na Mbereshi, miti ya miembe ikitusindikiza kulia na kushoto, hata nyumba za Kashikishi zilipoanza kusongamana na harufu ya samaki mkavu ikatupokea kabla ya wenyeji.

Siku za kwanza kilichonitatiza kupita vyote ni pande za dunia. Kwetu jua hutoka baharini likatua nyuma ya minazi. Hapa hutoka porini likazama ziwani, upande wa Kongo, tena huzama kwa adhama kubwa katika miezi ya Agosti na Septemba, wakati moshi wa nyika zinazochomwa umelifanya jekundu kama kaa la moto. Kibla, ambacho mtu wa pwani hukielekea kaskazini bila ya kufikiri, hapa sharti akielekee akipinda kidogo mashariki. Walakini mabadiliko hayo yana fadhila yake, kwa kuwa hilali huandama magharibi; na mimi niliyekuwa nikiutafuta mwezi wa Ramadhani baina ya mapaa ya mabati na makuti ya watu, sasa hukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, maji matupu mbele yangu, pasiwe na kizuizi kati ya jicho langu na mbingu isipokuwa wingu, kama lipo.

Nirudi kwenye mchicha, ambao hapa huitwa bondwe. Tulifika mvua zikianza, na ilipokuwa Januari zilikuwa zikinyesha takriban kila alasiri. Ilhali ziwa, kwa kinyume cha akili, lilikuwa limejivuta nyuma na kuacha ukanda wa udongo mweusi na mororo, ambao mimi niliuhesabu kuwa riziki iliyotupwa. Nikalima matuta sita. Jirani yetu, bibi mzee aliyezoea zamani kuvuka kwenda Pweto, upande wa Kongo, kuuza mihogo, na kwa sababu hiyo ana Kiswahili cha Katanga, alinitazama kwa adabu siku tatu asiseme neno, siku ya nne akaniambia, “Batata, pale mayi itakuya.” Nikamjibu, “Bamayo, yatatoka wapi, na mvua yote hii na ziwa linashuka?” Akacheka, akasema, “Itakuya tu, mukwai,” akaenda zake na jembe lake begani. Aprili mvua zikakoma, mbingu ikatakata, nami nikajiona mshindi. Kabla ya Mei kwisha matuta yangu yote sita yalikuwa chini ya maji, na vitoto vya samaki vikipita baina ya mashina.

Sababu yake nilielezwa baadaye, nayo ni ya kupendeza kuliko hasara yangu. Mto Luapula, ulio mlishaji mkuu wa Mweru, hutoka katika vinamasi vya Bangweulu, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa ni mahali maji yakutanapo na mbingu. Na mvua inyeshayo huko haiji mbio, bali hushikwa na mafunjo na matete, ikazuiliwa, ikachujwa, ikaachiliwa kidogo kidogo, hata ikitufikia sisi huwa masika yetu yamekwisha kusahauliwa. Kwa hiyo ziwa hupwa kabisa Januari, mvua ikinyesha, na hujaa kabisa Mei, jua likiwaka. Fauka ya hayo, maji haya yakitoka kaskazini pale Pweto huingia mto Luvua, na Luvua huingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo, ambayo mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Yaani maji ninayotawadhia alfajiri hayaelekei Tanga asilani.

Ziwa lina urefu wa kilomita 130 hivi, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 900. Basi baridi ya Juni humshika barabara mtu wa pwani. Wabemba huiita miezi kwa tabia zake: Mei ni Kapepo kanono, baridi ndogo, Juni ni Kapepo kakalamba, baridi kubwa, na kisha huja Chikungulupepo. Mimi nililipenda neno hilo “pepo” kwa kuwa lilinijia kama ndugu aliyepotea, kwa maana upepo uvumao miezi hiyo hutoka kusini-mashariki, ni kusi yetu ileile, ila huku umekwisha kuvuka nchi kavu na kuacha chumvi yake njiani. Oktoba huitwa Langashe, mwezi wa joto kali. Miti ya porini, pasipo tone la mvua, imekwisha kuchipuza majani ya rangi ya shaba. Halafu Novemba hupasuka radi, kumbikumbi wakafurika taani, watoto wakawakamata kwa mabeseni ya maji, na wanawake wakaketi kando ya njia na vichungu vya uyoga na maembe.

Lakini alama kuu ya mwaka katika wilaya yetu ya Nchelenge haitoki mbinguni, hutoka serikalini. Tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa hata mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Usiku wa kuamkia siku hiyo ni wa kutazamwa. Miezi mingine, zikiwa siku za giza, wavuvi wa chisense, ambao ni dagaa wa huku, huingia na taa kuwavutia samaki, na kutoka barazani kwetu ziwa huonekana kama mji mwingine uliojengwa majini. Kisha usiku mmoja mji huo huzimika. Mchanga uliokuwa ukimetameta kwa dagaa walioanikwa huwa mchanga mtupu, nyavu hutundikwa na kushonwa, na wavuvi hunung'unika kwamba sheria ya Zambia hukoma katikati ya maji. Wananung'unika kwa haki, lakini wazee hawajamsahau mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa mvua zikianza, hata akavuliwa kupita kiasi kwa ajili ya mayai yake, akaadimika. Na mimi niko upande wa wazee.

Wala si ajabu kwamba ugeni wetu haukumshangaza mtu. Mwata Kazembe mwenyewe, mtawala wa jadi wa bonde hili, ambaye sherehe yake ya Umutomboko hufanywa Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, nasaba yake ni ya Walunda waliotoka magharibi. Na masimulizi ya hapa husema kwamba Nachituti, baada ya nduguye Nkuba kumwua mwanawe, alimwomba Kazembe amlipizie kisasi, naye alipolipiziwa akamkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji, ndiyo nchi na maziwa. Livingstone, aliyelifikia ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, alipofika kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyekaa huko miaka mingi. Na leo katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita mwaka 2017, Kiswahili kinasemwa kila kibaraza.

Mwaka huu mchicha wetu tumeupanda juu, nyuma ya mwembe, na yule bibi amekuja kuomba mbegu. Msomaji atakayependa kutuzuru na aje Mei, akaone maji yamejaa. Akija Januari ataketi na sisi kula ugali wa muhogo kwa kisamvu, wala asiulize samaki.