Fizikia Ndiyo Njia Panda ya Udaktari

Mwanafunzi wa Loleza jijini Mbeya au Ifunda mkoani Iringa anayetamani udaktari hufanya uamuzi mkubwa kuliko yote akiwa bado kidato cha nne, siku anapojaza tahasusi kwenye selform, fomu ya machaguo ya masomo ya baada ya kidato cha nne. Marekani kijana husomea kwanza shahada ya miaka 4, hata ya historia, mradi awe amepitia masomo ya sayansi yanayotakiwa. Tanzania shahada ya udaktari, MD, huanza mara baada ya kidato cha sita, huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Tahasusi inayofungua mlango huo ni PCB: fizikia, kemia na baiolojia. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hudai ufaulu katika yote matatu na jumla isiyopungua pointi 6. Ila ushindani huwaacha nje wengi waliofikisha kiwango hicho. CBG, yenye jiografia, huonekana nyepesi, na wapo wanaoichagua kwa kuiogopa fizikia. Ni tahasusi nzuri kwa kilimo, mazingira na ualimu, lakini haimfikishi mtu kwenye MD. Hilo mzazi aelezwe mapema, si matokeo ya kidato cha sita yakishatoka.

Kwa kweli njia panda yenyewe huanza nyuma zaidi. Katika mtaala waliosoma wengi walioko vyuoni sasa, baiolojia ilikuwa ya lazima hadi kidato cha nne, lakini fizikia na kemia ziliweza kuachwa baada ya kidato cha pili. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia huwakatia watoto njia ya udaktari wakiwa na miaka 15 hivi. Ndiyo maana Mkwawa, chuo cha ualimu kilichoko Iringa tangu 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina uzito katika suala hili sawa na MCHAS, ndaki ya afya ya chuo hicho hicho iliyoko Mbeya.

Ipo njia ndefu ya utabibu: stashahada ya miaka 3 katika chuo kama cha matabibu cha Mafinga, kisha MD kuanzia mwaka wa kwanza. TCU hutaka wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi, fizikia ikiwemo.