Chambo cha manyoya: kazi nyingine ya mikono yetu

Wamama wapenzi, wiki hii tunaacha kidogo mambo ya sabuni na bustani, tuongee juu ya ndoano. Tunajua wengine mtasema: ndoano ni ya wanaume, sisi kazi yetu ni kungojea mitumbwi asubuhi na kubishana bei. Ni kweli, hatulali ziwani. Lakini manyoya ya jogoo yako jikoni kwetu, uzi uko katika sanduku yetu ya kushonea, na vidole vinavyosuka nywele za watoto vinaweza kufunga kitu kidogo kabisa.

Kila mama wa Kalemie anajua ndagala na mikebuka sokoni. Wachache tumekaa kufikiri namna gani wanakutana majini. Ndagala ni samaki mdogo, ubavu wake unang'aa kama fedha na mgongo wake ni wa giza kidogo. Usiku anapanda juu akifuata vidudu vidogo vya majini, na anakusanyika penye taa. Ndiyo sababu mwezi ukiwa mweupe wavuvi wanapumzika: mwanga umeenea pote, taa haina nguvu tena. Mikebuka naye anakuja nyuma ya ndagala, maana ndagala ni chakula chake. Hapo mvuvi anateremsha uzi wenye ndoano nyingi, kila moja imevikwa manyoya au nyuzi za kung'aa, na anavuta kwa mkono, juu na chini, juu na chini. Mikebuka anadhani ni ndagala anayekimbia.

Sisi tulipoanza tuliharibu. Tuseme ukweli. Tulipenda rangi: nyekundu, kijani, utepe wa zawadi uliobaki kwenye sikukuu ya ubatizo. Zilikuwa nzuri kama hereni. Mvuvi mmoja, jirani yetu, alizichukua kwa adabu, na kesho yake alizirudisha zote zikiwa safi. Alisema: « Wamama, mimi siendi ndoa, ninaenda kuvua. » Tulicheka, lakini iliuma. Siku hiyo mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amehesabu pesa hiyo kwa minervali.

Basi tukafanya jambo tulilopaswa kufanya tangu mwanzo. Tulinunua ndagala wabichi, tukawaweka katika beseni ya maji, tukawaangalia. Kumbe ubavu ndio unaosema. Na mwili ni mwembamba kuliko tulivyofikiri, ukilowa unakuwa mwembamba zaidi. Tangu hapo kila chambo tunakiingiza kwanza katika kikombe cha maji na kukivuta. Kikikakamaa kama kijiti, tunafungua na kuanza upya.

Namna tunavyofanya sasa ni hii. Ndoano tunaibana kwa pinse, au tunaichomeka katika kipande cha mti laini. Uzi mweupe wa kushonea tunauzungusha kuanzia karibu na tundu mpaka pale ndoano inapoanza kupinda, ukibana vizuri, maana manyoya hayashiki kwenye chuma kitupu. Halafu nyuzi chache za gunia ya mchele, zile nyeupe, tunazichambua kwa sindano mpaka zinakuwa kama nywele. Juu yake unyoya wa shingo ya jogoo mweupe, kila upande mmoja, urefu kama kidole kidogo. Kipande chembamba cha karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara kinapita ubavuni. Mgongoni, nyuzi mbili tatu nyeusi, basi. Tunamaliza kwa fundo karibu na tundu na tone la verni ya kucha juu ya fundo, tunaacha likauke usiku mzima. Wenye haraka hapa ndio wanaoharibu: verni isipokauka, maji yanafungua kila kitu.

Tusidhani ni mchezo wa Kalemie tu. Marekani, katika jimbo la Maine, mama mmoja aitwaye Carrie Stevens alifunga chambo cha manyoya cha kuiga samaki mdogo wa maziwa ya kwao. Tarehe 1 Julai 1924 alivua nacho samaki wa kilo 3 na zaidi, na watu wakaanza kumwagiza. Alifunga kwa vidole tu, bila chombo cha kubana ndoano. Aliendelea miaka mingi, na chambo chake kimoja, Gray Ghost, kinajulikana mpaka leo. Sisi angalau tuna pinse.

Kuna jambo lingine linalotusukuma. Ufukoni tunaona mustikere zinakokotwa karibu na majani, zikileta vitoto vya samaki ambavyo havijafika hata urefu wa kucha. Tunavinunua, sisi wenyewe, kwa sababu ni bei rahisi. Hatuwezi kumlaumu mvuvi peke yake. Ndoano yenye chambo haichukui vitoto hivyo. Inachukua samaki aliyekwisha kuwa na mdomo wa kumeza ndagala. Hatusemi itachukua nafasi ya nyavu, mji huu hauwezi kula kwa ndoano peke yake. Lakini anayevua kwa ndoano hana sababu ya kuharibu mustikere ya watoto.

Upande wa pesa, ugumu wetu ni deni. Mvuvi anachukua leo, anasema atalipa akirudi. Upepo ukivuma wiki nzima, harudi na kitu, na wewe umeisha kununua ndoano. Tumekubaliana: nusu mkononi, nusu samaki wakifika, na anayetaka kulipa kwa mikebuka analeta mikebuka. Wengine walinung'unika. Wengi wamekubali.

Na watoto: ndoano zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Mtoto wa mmoja wetu alikanyaga moja iliyoanguka kwenye mkeka. Msiivute kwa nguvu, ule mwiba wa nyuma unapasua nyama. Mpelekeni kituo cha afya, na muulize juu ya sindano ya pepopunda.

Jumamosi tunakutana mahali petu pa kawaida, baada ya soko. Kila mtu alete manyoya meupe, yaliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Ya kuku wa mayai hayafai, ni laini mno. Yule mjane ndiye atakayefundisha.