Afande Akiomba Leseni, Kisha Namba ya Simu

Dereva aliyezoea barabara ya Bunda hadi Musoma, mkoani Mara, anaujua mwendo wa kusimamishwa. Mkono unanyooshwa, wewe unawasha indiketa, unaingia pembeni, unashusha kioo. "Habari ya safari? Leseni." Inafuata bima, taa, mkanda, kizima moto. Ukikutwa na kosa unaandikiwa shilingi 30,000 kwa gari, unapewa namba ya malipo, unaondoka. Mambo hayo yana sheria yake, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na hata anayenung'unika anaielewa. Ugumu unaanza mwendo huo unapokatika. Afande ameshika leseni, amesoma jina, lakini hataji kosa. Anauliza kama shemeji hajambo. Anasema picha ya kwenye leseni haikumtendea haki mwenyewe. Anaomba namba ya simu, apate kujua kama dada amefika salama.

Wanawake wanaoendesha katika njia hii, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki na nguo, wakisimulia tukio la namna hiyo hawaelewani. Yupo anayecheka na kusema siku yake ilikuwa imechosha, maneno yale yakamchangamsha. Yupo aliyetetemeka, kwa sababu jua lilikuwa limeshazama na ndani ya gari alikuwa peke yake. Yupo pia aliyetabasamu, akataja namba yenye tarakimu moja ya uongo, akaokoa elfu thelathini zake na kuendelea na safari. Wanaosikiliza nao wanagawanyika: huyu anasema askari ni binadamu, yule anasema polisi ni walewale. Kila mmoja wa wanawake hao anasema kweli kuhusu nafsi yake. Kuhusu afande, hata hivyo, mila zetu na sheria zetu zina jibu moja.

Utetezi unaotangulia siku zote ni kwamba ule ulikuwa utani tu. Utetezi huu unastahili kuchukuliwa kwa uzito, maana utani katika nchi hii ni mpango wa jamii wenye haki na wajibu wake. Wataalamu waliuandika zamani. R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake juu ya utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alitoa makala iliyouweka utani katika nadharia: watu wawili wanaruhusiwa kutoheshimiana kwa maneno, na ruhusa hiyo ndiyo inayozuia wasigombane kweli. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani unahusishwa na njia za misafara. Mpagazi aliyechoka, ugenini, alihitaji namna ya kupita kwa watu bila kuonekana adui, na mtani wake alimpa njia hiyo. Kwa maana hiyo utani una historia ndefu barabarani.

Lakini utazame unavyofanya kazi. Babu anamwita mjukuu "mke wangu", na mjukuu anamjibu kwamba hawezi kuolewa na mzee asiye na meno. Shemeji anatupa neno, anarudishiwa mawili. Mtani anachukua jogoo wako mbele ya macho yako, na kesho ukienda kwake unachukua beseni. Msibani anawachekesha wafiwa, na anafanya kazi ambazo wafiwa wenyewe hawaziwezi. Kiini cha mambo yote hayo ni kwamba anayetaniwa anaweza kujibu kwa ukali uleule, na jibu lake halimgharimu chochote. Mjukuu anayeogopa kumjibu babu hayumo tena katika utani.

Sasa rudi dirishani. Dada wa kwenye usukani akisema, "Afande, na wewe kitambi hicho nani atakutaka?", nini kitatokea? Labda afande atacheka. Labda atazunguka gari mara nyingine na kugundua tairi la nyuma limekwisha. Dada hajui, na kutojua huko ndiko kunakobadilisha mazungumzo yote. Mmoja anacheza, mwingine anapiga hesabu. Leseni iko mikononi mwa mtu mmoja, na aliyenayo ndiye anayeamua mazungumzo yaishe lini. Neno "shemeji" limetolewa sebuleni, mahali lilipokuwa na ulinzi wa ndugu na majirani, likaletwa kando ya lami pasipo na ulinzi huo.

Sheria ya Tanzania inaliona jambo hili waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachohusu unyanyasaji wa kijinsia. Kifungu hicho kinatambua kwamba maneno au vitendo vya kimapenzi visivyotakiwa, vikitoka kwa mtu mwenye mamlaka, kazini au mahali pengine popote, ni unyanyasaji. Hakuna sharti la kuguswa. Hakuna sharti la kuahidiwa kitu. Kisha ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinamlenga mwenye madaraka anayedai upendeleo wa kingono ili atoe haki, ajira au upendeleo wowote. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Afande anayesema "nipe namba, hili kosa tulisahau" amekwisha kuvuka kutoka kifungu cha kwanza kwenda cha pili, na huenda amevuka akiwa anatabasamu.

Upo na upande wa pili, ambao hausemwi vya kutosha. Wapo trafiki wanawake pia. Simama karibu na stendi ya Bweri, Musoma, usikilize madereva wanavyowaongelesha: "Afande mrembo hivi jua linakuunguza, nani kakuleta huku?" "Nikamate tu, mradi unipeleke kwako." Dereva anasema hivyo akiwa na gari lililojaa abiria kupita kiasi, na abiria wanacheka. Afande huyu ana sare nyeupe, ana mamlaka yote ya kisheria, lakini yuko peke yake mbele ya watu kumi na wanane wanaosubiri kuona atafanya nini. Akicheka ataambiwa analegea. Akinuna ataambiwa hana mume ndiyo maana ana hasira. Sare inampa mamlaka juu ya gari, na kwa maneno hayo mtaa unataka kumnyang'anya mamlaka hayo. Namheshimu sana yule anayeandika kosa kwa mkono usiotetereka, anatoa karatasi na kusema "safari njema". Dereva anayemtongoza ili asiandikiwe anatafuta upendeleo kwa njia isiyo ya noti, na abiria wanaocheka wanamsaidia.

Kwa hiyo unapouliza kwa nini watu wa mkoa mmoja wanawaona polisi kwa macho tofauti, angalia kwanza kila mmoja ana nini cha kupoteza anaposimamishwa. Kijana wa bodaboda wa Nyasho anapoteza mapato ya siku nzima. Mwaka 2021 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini hiyo elfu kumi bado ni hesabu ya bosi, na pikipiki ikilazwa kituoni hana pa kwenda kesho. Konda wa Hiace amezoea kushuka mbio na kwenda nyuma ya gari, na kwake afande ni gharama kama mafuta. Mtumishi mwenye gari dogo na namba za wakubwa kwenye simu hapotezi chochote, ndiyo maana anaweza kuona kutaniwa ni burudani. Butiama kijijini hali ni nyingine tena. Askari anayeishi pale unakutana naye gulioni na kanisani, anakopa duka lilelile, na mke wake anajulikana kwa jina. Maneno ambayo angemtupia mpita njia pale Bunda, ambaye hatamwona tena, hawezi kumtupia binti wa jirani.

Kuna pia historia. Mara ni mkoa uliotoa watu wengi wenye sare. Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, alizaliwa Butiama, na Simon Sirro, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) kati ya 2017 na 2022, ni mtoto wa wilaya hiyohiyo. Familia nyingi zina mjomba au kaka askari, na kwao kumsema polisi ni kumsema ndugu. Lakini ni mkoa huohuo ambao upande wake wa kaskazini umewekewa kanda maalumu ya kipolisi, Tarime na Rorya, na ambako Mei 16, 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano waliovamia mgodi wa North Mara, Nyamongo. Mtu wa Nyamongo akiona sare anakumbuka hilo, na hakuna tabasamu la kando ya barabara litakalomfanya asahau.

Kisha kuna Kiabakari. Pale, kandokando ya lami ambapo mchomoko, yaani gari dogo la abiria, na basi husimamishwa, shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly lina nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msimu wa ukeketaji ukifika, mwishoni mwa mwaka, msichana anayetoroka usiku anahitaji mtu mwenye mamlaka kuliko baba yake, na mara nyingi mtu huyo ni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa msichana huyo sare ndiyo mlango. Ndiyo sababu mimi sikubali msemo kwamba polisi ni walewale. Ndiyo sababu pia naona hasara ya yule afande wa barabarani ni kubwa kuliko elfu thelathini iliyosamehewa. Msichana aliyewahi kukaa kiti cha nyuma na kumsikia askari akimtongoza mama yake mbele ya kioo, atamkimbilia nani?

Nje ya nchi wataalamu wamelichunguza suala hili kwa karibu. Tom Tyler, aliyewahoji wakazi wa Chicago na kuandika kitabu mwaka 1990, alionyesha kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoona wametendewa haki katika utaratibu wenyewe: wamesikilizwa, wameelezwa, hawakudharauliwa. Hata aliyeadhibiwa anaweza kuondoka na imani. Huko Queensland, Australia, kati ya 2009 na 2010, polisi walifanya jaribio katika operesheni 60 za kupima ulevi wa madereva. Katika nusu ya operesheni hizo walifuata mazoea. Katika nusu nyingine walieleza kwa nini wamemsimamisha dereva, wakaomba maoni yake, wakamshukuru. Madereva waliotendewa hivyo waliwaona polisi kuwa waadilifu zaidi. Jaribio liliporudiwa Scotland matokeo hayakuwa hivyo, imani ilishuka, na nadhani funzo lake ni la maana kwetu: upole uliokaririwa kwa amri ya bosi watu huunusa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa maneno ya askari yaliyonaswa na kamera za kifuani katika mamia ya matukio ya kusimamisha magari mjini Oakland, Marekani, wakaonyesha kwamba dereva mweusi alipata maneno ya heshima kidogo kuliko mweupe. Neno analochagua askari katika sekunde za mwanzo linapimika, na linaonyesha anamwona nani mbele yake.

Katika tafiti zote hizo hakuna mahali ambapo imani ilijengwa na askari mchangamfu wa kimapenzi. Ilijengwa na anayesikiliza, anayeeleza na asiyedharau. Heshima ya namna hii haihitaji ukali. Unaweza kumwambia dada "pole na safari, hapa mwendo ni 50 na wewe ulikuwa 68, naandika" kwa sauti laini kabisa, na neno hilo la 50 lina uzito wake huku kwetu. Septemba 5, 2014, pale Sabasaba karibu na Musoma, mabasi mawili yaligongana na kuua zaidi ya watu 30. Waliozika siku zile hawakulalamika kwamba trafiki ni wengi mno barabarani. Kila dakika inayotumika kuomba namba ya simu ni dakika ambayo basi jingine limepita bila kuangaliwa.

Anayekutwa na hali hii afanye nini? Aulize kosa lake kwa adabu. Likitajwa, aombe liandikwe, maana karatasi yenye namba ya malipo inayafunga mazungumzo kuliko jibu lolote la kukata. Aangalie jina lililo kifuani na akumbuke mahali na saa. TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma. Njia ya kupitia kituoni ipo pia, lakini mwanamke anayemlalamikia askari kwa askari mwenzake anahitaji moyo mkubwa, na si haki kumdai moyo huo kila mara. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilipendekeza jeshi letu la polisi lisukwe upya liwe chombo cha kutoa huduma. Mimi ningependa usukaji huo uanzie pale pembeni mwa lami, kwa kuwapa raia chombo cha kulalamikia kisicho na sare.