Leseni ya mkunga wako inaisha lini?

Mama anapokaribia kujifungua familia huandaa khanga, beseni, mafuta ya mtoto, hela ya teksi na akiba kidogo ya dharura. Swali moja haliulizwi kabisa: huyu muuguzi mkunga atakayempokea mtoto, mara ya mwisho alijifunza lini? Tunaridhika tukiona sare nyeupe na cheti kilichotundikwa ukutani. Lakini cheti na leseni ni vitu viwili tofauti. Cheti kinasema kwamba mtu alifaulu mtihani mwaka fulani. Leseni inasema kwamba leo hii anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa. Cheti hakiishi muda wake, leseni inaisha.

Kwa Tanzania Bara, wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010. Wafamasia wana Baraza la Famasi kwa sheria ya mwaka 2011, na madaktari wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina mabaraza yake. Utaratibu unafanana: ukitaka kuhuisha leseni, kulipa ada peke yake hakutoshi, unatakiwa uonyeshe kuwa umeendelea kujifunza. Mafunzo hayo huhesabiwa kwa pointi. Jirani zetu wa Kenya wanamtaka daktari akusanye pointi 50 kila mwaka. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya uuguzi, tangu Aprili 2016 muuguzi huhuisha usajili kila baada ya miaka 3. Anatakiwa awe amefanya kazi saa 450 na amesoma saa 35, na katika hizo saa 20 awe amejifunza pamoja na wenzake, si peke yake chumbani. Tena anaandika maelezo matano ya yale aliyojifunza kutokana na kazi yake mwenyewe.

Kwa nini usumbufu wote huu? Tazama malaria tu. Aliyemaliza chuo mwaka 1999 alifundishwa klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikashika SP. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikapisha dawa ya mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema mgonjwa apimwe kwanza, asipewe dawa kwa sababu tu mwili una joto. Yaani katika miaka kumi hivi, mambo matatu aliyofundishwa darasani yamebadilika, na hapo ni kwa ugonjwa mmoja.

Kuharisha kwa watoto ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri ORS yenye chumvi na sukari iliyopunguzwa, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Mama akitoka dukani na chupa ya dawa ya kufunga tumbo, bila ORS wala zinki, basi ajue muuzaji huyo amebaki nyuma.

Turudi kwa mkunga. Zamani mtoto asiyelia alishikwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini na kupigwa makofi ya mgongo. Siku hizi anakaushwa, anafunikwa apate joto, anasuguliwa mgongo, na kama bado hapumui, apuliziwe hewa kwa kifaa cha mkono ndani ya dakika ya kwanza. Kitovu nacho hakikatwi haraka kama mtoto hana tatizo. Husubiriwa angalau dakika moja ili apate damu zaidi kutoka kwenye kondo. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalijaribiwa katika hospitali nane hapa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Lakini hapa pana jambo ambalo wapanga semina hawapendi kulisikia. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri. Walipofuatiliwa chumba cha kujifungulia, kazi yao haikubadilika. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, na hapo vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo pointi zinazopatikana kwa kukaa hotelini, kunywa chai ya saa nne na kusaini karatasi ya mahudhurio, zinatosha kuhuisha leseni. Kumwokoa mtoto wa mtu ni habari nyingine.

Waislamu si wageni wa jambo hili. Wanahistoria wetu wameandika kwamba mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu mpaka apimwe na Sinan ibn Thabit. Waliopimwa walizidi 860, ukiacha mabingwa waliokwisha julikana, na kila mmoja akaambiwa aishie wapi katika kutibu. Katika fiqhi pia, anayetibu bila kujulikana kwa utabibu akamdhuru mtu, huwa mdhamini wa madhara hayo. Asili yake ni hadithi aliyoipokea Abu Daud.

Familia ifanye nini basi? Iulize, kwa adabu. Kwenye duka la dawa au zahanati binafsi, angalia jina na tarehe kwenye leseni, na si fremu yake. Mama anapohudhuria kliniki aulize: hapa mna kifaa cha kumpulizia hewa mtoto, na mara ya mwisho mlifanya mazoezi nacho lini? Mkunga anayeijua kazi yake hachukii swali hili, mara nyingi atakuonyesha kifaa chenyewe.

Na wapo akina mama wauguzi ndani ya nyumba zetu. Zamu ya usiku, watoto, mapishi, kisha Jumamosi ana mafunzo na mume amenuna. Ada ya leseni nayo inatoka kwenye mshahara ule ule wa chakula. Bwana, Jumamosi hiyo baki wewe na watoto, na tarehe ya leseni yake muiandike kwenye kalenda ya nyumbani, miezi mitatu kabla haijaisha.