Utumwa, mageuzi na upanuzi wa nchi: somo moja la historia katika shule za sekondari za Marekani

1. Utangulizi

Wanafunzi wetu wa historia na wa lugha hukutana na habari za utumwa wa Wamarekani Weusi mara nyingi kwa njia ya riwaya, nyimbo na hotuba. Ni mara chache wanapojiuliza jinsi Wamarekani wenyewe wanavyowafundisha vijana wao habari hizo. Swali hili si dogo. Taifa hujionyesha lilivyo kwa yale linayowaambia watoto wake darasani, na hujionyesha zaidi kwa yale linayoyaruka. Nasi tunaowatayarisha walimu wa kesho tuna la kujifunza humo, maana nchi yetu pia ina kurasa ambazo mwalimu huzifungua kwa shida.

Katika vitabu vya kiada vya Marekani, miaka ya 1800 hadi 1860 hugawanywa mara nyingi katika sura tatu: upanuzi wa nchi kuelekea magharibi, harakati za mageuzi ya jamii, na utumwa wa Kusini. Katika makala haya tutaeleza kwanza mahali pa somo hilo katika mtaala. Halafu tutaonyesha kwamba mgawanyo huo wa sura tatu, ingawa unamrahisishia mwalimu kazi, unaficha jambo kubwa, yaani kwamba mambo hayo matatu yalikuwa jambo moja. Mwishoni tutatazama mabishano juu ya vitabu, ushahidi unaotumika darasani, na mahali ambapo historia hiyo inagusa historia ya Kiswahili.

2. Mahali pa somo katika mtaala

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo huweka viwango vyake, na wilaya za shule huamua mengi yaliyobaki. Kwa sababu hiyo, kijana wa Mississippi na kijana wa Massachusetts hawalazimiki kusoma maneno yaleyale juu ya vita ileile. Katika majimbo mengi historia ya nchi husomwa mara mbili: kwanza karibu na mwaka wa nane wa masomo, kisha katika shule ya sekondari ya juu, mara nyingi katika mwaka wa kumi na moja. Mara ya kwanza mtoto hupewa hadithi. Mara ya pili hutazamiwa kueleza sababu na matokeo.

Ipo pia kozi ya kiwango cha juu, ambayo mtihani wake huweza kumpunguzia mwanafunzi masomo ya chuo kikuu. Kozi hiyo huipanga karne ya 19 katika vipindi vinavyoingiliana: kimoja cha 1800 hadi 1848, na kingine cha 1844 hadi 1877. Kuingiliana huko kwafaa kuangaliwa. Kunamkumbusha mwanafunzi kwamba miaka ya vita na Mexico yafunga mlango mmoja na kufungua mwingine kwa wakati uleule.

3. Sura tatu, uzi mmoja

Tuanze na upanuzi. Mwaka wa 1803 serikali ya Marekani ilinunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, na ukubwa wa nchi ukakaribia kuongezeka mara mbili. Mwaka wa 1830 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kale wa Kusini-Mashariki hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Wacherokee walihamishwa kwa nguvu miaka ya 1838 na 1839, na maelfu yao walikufa. Texas ilitiwa katika Muungano mwaka wa 1845, na vita na Mexico, vilivyoanza mwaka wa 1846, vilikwisha kwa mkataba wa 1848 ulioipatia Marekani California na nchi nyingine pana.

Sura ya mageuzi huwa na sauti ya matumaini. Uamsho wa dini ulizaa vyama vingi: vya kupinga ulevi, vya kurekebisha magereza, vya kuwatunza wagonjwa wa akili. Horace Mann alipigania shule za umma huko Massachusetts kuanzia mwaka wa 1837. William Lloyd Garrison alianzisha gazeti la kupinga utumwa huko Boston Januari 1831, na mwaka wa 1848 wanawake walikutana Seneca Falls, katika jimbo la New York, kudai haki zao, pamoja na haki ya kupiga kura.

Kisha huja sura ya utumwa. Mwaka wa 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, nayo pamba ikawa zao la faida kubwa. Kuingiza watumwa kutoka nje kulikatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 1808. Hata hivyo idadi ya watumwa, iliyokuwa kama 700,000 katika sensa ya 1790, ilikaribia milioni 4 katika sensa ya 1860. Biashara haikufa, bali ilihamia ndani ya nchi. Watu wapatao milioni moja walitolewa Virginia, Maryland na majimbo mengine ya zamani, wengine kwa kuuzwa na wengine kwa kuhamishwa na mabwana wao, wakapelekwa Alabama, Mississippi, Louisiana na Texas. Mume alitengwa na mke, na mtoto na mama.

Sasa tuunganishe sura hizo. Ardhi ya Alabama na Mississippi iliyopandwa pamba ilikuwa kwa sehemu kubwa ile waliyoondolewa Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Basi kufukuzwa kwa wenyeji na kuhamishwa kwa watumwa ni pande mbili za tendo moja. Mexico ilikuwa imetangaza kufuta utumwa mwaka wa 1829, huku wahamiaji wa Kimarekani waliokaa Texas wakiwa na watumwa wao. Jambo hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyozidisha ugomvi kati yao na serikali ya Mexico. Tena kila nchi mpya ilileta swali lilelile: je, utumwa utaruhusiwa humo? Mapatano ya 1820, mapatano ya 1850, sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, na hukumu ya Mahakama Kuu ya 1857 juu ya Dred Scott, yote yalikuwa majibu ya swali hilo, wala hakuna lililodumu.

Hata mageuzi hayakusimama kando. Viwanda vya nguo vya Massachusetts, jimbo lililosifiwa kwa shule zake na wahubiri wake, vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa. Kwa upande mwingine, ndugu wawili Sarah na Angelina Grimké, mabinti wa bwana wa watumwa wa South Carolina, walilaumiwa kwa kuthubutu kuhutubia hadhara juu ya utumwa. Katika kujitetea wakajikuta wanatetea haki ya mwanamke kusema. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka wa 1838, alikuwapo Seneca Falls na akaunga mkono dai la kura. Mwalimu anayezifundisha sura hizi mbalimbali, bila kuzifunga pamoja, huwapa wanafunzi vipande vya chungu akawaambia ni chungu.

4. Vita vya vitabu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka wa 1865, lakini vita vya kumbukumbu viliendelea. Chama cha mabinti wa wapiganaji wa Kusini, kilichoundwa mwaka wa 1894, kilishughulika sana kuhakikisha kwamba vitabu vya shule vinawatukuza wapiganaji hao na kupunguza uzito wa utumwa. Wanazuoni nao walichangia. Ulrich B. Phillips, katika kitabu chake cha 1918, aliueleza utumwa kana kwamba ulikuwa shule ya kuwastaarabisha Weusi. W. E. B. Du Bois alimalizia kitabu chake kikubwa cha 1935 kwa sura ya kuvishtaki vitabu vya historia vilivyopotosha habari za watu Weusi baada ya vita. Sauti yake haikusikilizwa upesi. Ilibidi yaje maandishi ya Kenneth Stampp mwaka wa 1956, na hasa harakati za haki za raia, ndipo vitabu vya shule vikaanza kubadilika.

Mabadiliko hayo hayakuwa mwisho wa ubishi. Viwango vya historia vilivyopendekezwa mwaka wa 1994 kwa nchi nzima vililaumiwa katika Baraza la Seneti mwaka wa 1995 kwa kura 99 dhidi ya 1. Mwaka wa 2015 kitabu kimoja cha jiografia kilichotumika Texas kiliwaita Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu wafanyakazi, mpaka mzazi mmoja alipolalamika na mchapishaji akaahidi kusahihisha. Tangu mwaka wa 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria za kuwawekea walimu mipaka wanapozungumzia ubaguzi wa rangi. Viwango vya Florida vya 2023 vilizusha ghadhabu kwa kutaka wanafunzi waelezwe kwamba baadhi ya watumwa walipata ujuzi uliowafaa wao wenyewe. Wakati huohuo kozi mpya ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi ilianza kujaribiwa mwaka wa 2022, ikafunguliwa kwa shule zote mwaka wa 2024.

Matokeo ya mvutano huo ni nini? Katika uchunguzi wa Southern Poverty Law Center uliochapishwa mwaka wa 2018, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliulizwa chanzo kikuu cha majimbo ya Kusini kujitenga. Ni 8 tu kati ya kila 100 waliotaja utumwa. Na hali tamko la Mississippi la 1861, lililoandikwa na waliojitenga wenyewe, lasema wazi kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana na utumwa. Ushahidi haukukosekana, uliokosekana ni mkono wa kuuweka mbele ya mwanafunzi.

5. Mashahidi darasani

Kwa sababu hiyo walimu wengi bora huanza na hati zenyewe kabla ya kitabu cha kiada. Hati moja yenye nguvu ni orodha za watumwa katika sensa za 1850 na 1860. Jina la bwana limeandikwa. Chini yake zimo safu za umri, jinsia na rangi. Majina ya watumwa, kwa kawaida, hayamo. Mwanafunzi anayesoma mstari wa mtoto wa kike wa miaka minne asiye na jina hahitaji mahubiri. Aina nyingine ya hati ni matangazo ya magazetini ya kuwatafuta watoro. Bwana, akitaka mali yake irudi, humweleza mtoro kwa makini: makovu yake, ufundi wake, mahali alipo mkewe. Bila kukusudia, anatuthibitishia kwamba huyo alikuwa mtu.

Zipo pia simulizi walizoandika watumwa wenyewe, kama kitabu cha Douglass cha 1845 na kile cha Harriet Jacobs cha 1861. Na zipo simulizi zaidi ya 2,300 zilizokusanywa kwa waliowahi kuwa watumwa kati ya 1936 na 1938. Hizi za mwisho hudai uangalifu. Wasimulizi walikuwa wazee, wengi wao walikuwa watoto wakati wa utumwa. Waulizaji wengi walikuwa Weupe. Na zama zenyewe zilikuwa za ubaguzi na njaa. Mzee aliyesema kwamba bwana wake alikuwa mwema, alikuwa akimwambia nani, na alikuwa akitazamia nini? Msomaji wa Jan Vansina atalitambua swali hili. Ni lilelile tunalowafundisha wanafunzi wetu kuliuliza wanaporekodi masimulizi ya wazee vijijini.

6. Neno na kitambaa

Lugha pia imo katika ubishi. Walimu wengi wa Marekani sasa huepuka jina linalomfanya mtumwa aonekane amezaliwa hivyo. Hupendelea kusema mtu aliyetiwa utumwani. Kiswahili kina njia yake. Neno mtumwa latokana na kitenzi kutuma katika kauli ya kutendwa: ni mtu anayetumwa. Ndani ya neno lenyewe yumo mwingine, yule anayetuma, ingawa hakutajwa. Mwalimu wa lugha anaweza kuanzia hapo.

Kiungo kingine ni kitambaa. Tangu miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walifika Unguja. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka wa 1833. Walileta nguo ya pamba isiyopaushwa, ambayo Waswahili waliiita merikani. Misafara iliibeba hadi Tabora na Ujiji, na merikani ikawa kama fedha ya kununulia pembe za ndovu. Kabla ya 1861 pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Na misafara iliyoilipa ilinunua watu pia. Vita vilipokata pamba hiyo, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua nafasi yake. Hivyo neno moja la Kiswahili limehifadhi mkutano wa tumwa mbili, za mabara mawili.

Nao uzi haukukatikia hapo. George Washington Williams, Mmarekani Mweusi aliyepigana katika vita vile na kuchapisha historia ya watu wake mwaka wa 1882, alifika Stanley Falls, Kisangani ya leo. Hapo, Julai 1890, alimwandikia Mfalme Leopold II barua ya wazi kumshtaki kwa mateso ya Wakongomani. Macho yaliyosoma historia ya utumwa kule yaliutambua hapa haraka.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mgawanyo wa sura si jambo la mpangilio tu. Huweza kuficha chanzo. Tumeona pia kwamba hati chache zilizosomwa vizuri hushinda kurasa nyingi za kukariri. Mwalimu wetu atakayefundisha habari za Tippu Tip, za mpira wa Leopold au za kazi za lazima, atakutana na kishawishi kilekile cha kuziweka katika sura mbalimbali zisizosalimiana. Yafaa kwanza awaulize wanafunzi wake nani alituma, nani alitumwa, na nguo ile ilitoka wapi.